Kutoka disketi hadi "mawinguni": mafaili yako yako wapi?

Nimekuwa kimya kidogo. Flashi yangu imekufa. Ndani yake kulikuwa na sauti ya babu akisimulia ujana wake, na babu mwenyewe tulimzika mwaka jana. Fundi aliishika, akaigeuza, akanirudishia bila neno. Basi nikakaa chini kusoma historia ya jambo tunalolidharau wengi: kuweka nakala za akiba za mafaili ya nyumbani.

Tuanze na disketi. IBM ilianza kuiuza mwaka 1971, ikiwa na upana wa inchi 8. Ile ndogo ya inchi 3.5, ambayo kaka zetu walitembea nayo mfukoni wakienda intaneti kafe, ilibeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Mwaka 1994 ikaja Zip ya kampuni ya Iomega, megabaiti 100. Zikaja CD za kuandikia nyumbani, megabaiti 700. Mwaka 2000 flashi za kwanza zikaingia sokoni, nyingine za megabaiti 8 tu! Kila chombo kilipokuja tuliambiwa hiki ndicho mkombozi. Lakini mwaka 1998 Apple ilitoa iMac isiyo na mlango wa disketi, na mwaka 2011 Sony ikaacha kuziuza Japani. Aliyeacha barua zake kwenye disketi, leo atafute pa kuzisomea.

Tena kuchakaa si adui pekee. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitoka Ufilipino kikijifanya barua ya mapenzi, kikaharibu mafaili ya picha kwenye kompyuta za watu duniani. Mei 2017 WannaCry ikafunga mafaili na kudai fidia. Hapo diski ya akiba iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta haina usalama, maana kirusi kinaifikia vilevile.

Na wakubwa nao huteleza. Mwaka 1998, huko Pixar, Marekani, amri moja ilianza kufuta mafaili ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazifai. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wake, aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akifanyia kazi huko. Kompyuta hiyo ilizungushiwa mablanketi, ikapelekwa ofisini kwa gari kama mgonjwa.

Je, "mawinguni"? Dropbox ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Kwetu Afrika Mashariki mkonga wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, polepole na kwa bei mbaya. Kwa hiyo tusiwacheke kaka zetu na disketi zao, hawakuwa na njia nyingine. Ila tukumbuke kwamba wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, na nyumba ya mtu mwingine nayo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja.

Sasa uchague njia gani? Historia yote hii inasema usichague moja. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumbani. Mimi nimeamua hivi: ya kwanza kwenye laptopu, ya pili kwenye diski ya nje ninayoichomeka Jumapili na kuichomoa nikimaliza, ya tatu mtandaoni, kwa yale nisiyoweza kuyapata tena. Na kila mwezi nitafungua mafaili mawili matatu ya akiba kuona kama yanafunguka, maana hapo ndipo Pixar walipokwama.

Sauti ya babu sijaipata, na sidhani nitaipata. Bibi bado yupo. Jumamosi naenda kumrekodi, na sitalala kabla sauti yake haijakaa mahali patatu.