Baiskeli Ipimwe kwa Mwili wa Mpandaji

Msomaji, je, umepata kumtazama kwa makini mtu mzima apandapo baiskeli? Huushika usukani kwa mikono miwili, huweka mguu mmoja juu ya pedali, kisha huurusha mguu wa pili juu ya gurudumu la nyuma, akaketi. Wewe mwenye nyonga laini na magoti mazima hulifanya jambo hilo bila kulifikiri. Lakini mfikirie mtu mwenye kimo cha sentimita 190, ambaye nyonga yake imekakamaa kwa maradhi au kwa uzee. Baiskeli kubwa imfaayo kwa kimo ina chuma cha juu kilichoinuka, naye hawezi kukivuka. Baiskeli ndogo aweza kuivuka, lakini akiisha kuketi magoti yake hukunjwa mno, na maumivu huzidi. Siku hizi ziko baiskeli za umeme, zenye mota ya kumsaidia mpandaji. Walakini mota haimfai kitu mtu asiyeweza kukifikia kiti. Basi achague vipi? Ili tupate jawabu, yatupasa turudi nyuma tutazame mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf, karibu na Nürnberg katika Ujerumani, alikuwako kijana wa miaka 22 aitwaye Stephan Farffler. Kazi yake ilikuwa ufundi wa saa, na miguu yake haikuweza kumbeba. Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Farffler alikijua kitanda chake. Akatwaa ujuzi wake wa magurudumu yenye meno, akajitengenezea kiti cha magurudumu matatu, akawa anazungusha vipini kwa mikono na kiti kikaenda. Miguu ilikataa, mikono ikapewa kazi ya miguu. Shika neno hili, msomaji, kwa maana ndilo kiini cha habari yetu: fundi yule alianza na mwili, kisha akaunda chombo.

Miaka 162 ikapita. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Karl von Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele ya jingine. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa kupiga miguu chini. Baadaye, katika miaka ya 1860, pedali zikatiwa kwenye gurudumu la mbele. Kwa kuwa mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kila aliyetaka mwendo wa kasi alitaka gurudumu kubwa zaidi. Hivyo katika miaka ya 1870 zikatokea baiskeli ambazo gurudumu lake la mbele lilikaribia kimo cha mtu. Ukubwa wa gurudumu ulichaguliwa kwa kupima urefu wa miguu ya mwenyewe. Wakati huo mtu mrefu alikuwa na bahati, kwani ndiye aliyeweza kwenda upesi kuliko wote. Lakini kupanda kulihitaji kurukia kiti kutoka nyuma, na jiwe moja tu njiani liliweza kumtupa mpandaji kichwa mbele. Wazee na wenye viungo vizito hawakuthubutu. Hao walitafuta magurudumu matatu. Hata Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1881, aliagiza baiskeli za namna hiyo.

Badiliko kubwa likaja mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza. John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, na mnyororo ulipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Sasa kasi haikutegemea tena urefu wa miguu, na kiti kikashuka karibu na ardhi. Haikupita miaka mingi ila mafundi wakatengeneza baiskeli isiyo na chuma cha juu, ili wanawake waliovaa nguo ndefu wapate kupanda. Tazama, msomaji: jambo lililofanywa kwa ajili ya nguo likawa msaada kwa nyonga. Hata leo, mtu asiyeweza kuinua mguu hutafuta fremu hiyo iliyo wazi katikati. Kwa upande mwingine, baiskeli kubwa nyeusi iliyoenea hapa Kenya, ambayo watu waliipa jina la Black Mamba, ilibaki na chuma chake cha juu. Ni chombo hodari cha kubeba mizigo, lakini hakina huruma kwa nyonga iliyokakamaa.

Umeme nao si mgeni kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1881, mjini Paris, Gustave Trouvé alitia mota ya umeme katika baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye betri katikati ya fremu na mota katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Mbona basi hazikuenea? Betri za wakati ule zilikuwa nzito mno, na nguvu zake zilikwisha upesi. Ilipofika mwaka 1991, betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa. Na mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli iliyoweza kuhisi mguu wa mpandaji unasukuma kwa nguvu gani, kisha mota ikaongeza nguvu kwa kadiri hiyo. Mambo hayo mawili yalipokutana, baiskeli ya umeme nyepesi kiasi ikawezekana.

Sasa na turudi kwa yule mtu wetu mrefu. Kwanza apimwe yeye, kabla ya kutazama baiskeli yo yote. Asimame bila viatu, mgongo ukiegemea ukuta, kitabu kiwekwe katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha upimwe urefu kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Apimwe pia ni kiasi gani aweza kuinua mguu bila maumivu. Kipimo cha kwanza humwambia ukubwa wa fremu. Cha pili humwambia mahali pa kuvukia pawe chini kiasi gani. Asidanganyike kununua fremu ndogo na kuvuta nguzo ya kiti juu sana, maana nguzo ina alama ya mwisho, na ikipita hapo yaweza kuvunja fremu.

Pili, ipo shida ya kusimama. Kiti kikiwa juu kwa kufuata miguu mirefu, mpandaji hawezi kukanyaga ardhi akiwa ameketi. Dawa yake ni fremu ambayo pedali zimesogezwa mbele ya kiti: mguu hunyooka vizuri wakati wa kukanyaga, na bado nyayo hufika chini. Goti lisilokunjika vema husaidiwa na mikono mifupi ya pedali. Naye asiyeweza kujizuia asianguke, asione haya kuchagua magurudumu matatu; malkia hakuona haya.

Tatu, aitazame mota. Ile inayohisi nguvu ya mguu huenda kwa upole, lakini humtaka mpandaji asukume kwanza. Mwenye mguu dhaifu huenda akahitaji kitasa cha mkononi cha kuianzisha. Tena akumbuke uzito: baiskeli nyingi za umeme zina kilo 20 na zaidi, wala hazibebwi ngazini na mgonjwa. Afadhali betri iweze kutolewa ikachajiwe ndani ya nyumba. Mwisho, ajaribu mwenyewe kupanda, kusimama na kushuka, mara nyingi, kabla ya kutoa fedha.

Waonaje, msomaji? Huenda iko siku babu yako, au mwalimu wako wa zamani, atataka kutoka tena nyumbani kwenda sokoni au kuwaamkia rafiki zake. Usimnunulie kwa rangi wala kwa sifa za muuzaji. Akinunuliwa kisichomfaa ataanguka, au chombo kitalala ukumbini na mwenyewe atabaki kitini kama zamani. Chukua utepe wa kupimia, ukae karibu naye, umwulize ni wapi panapouma. Farffler hakuwa na umeme wala mnyororo. Alikuwa na kipimo cha mwili wake mwenyewe, na kwa hicho akatoka nje ya nyumba yake.