Kabla ya Ngoma, Habari

Ukiuliza furaha ya nyimbo za Kikristo Afrika Mashariki ilitoka wapi, jibu la haraka ni ngoma: wamisionari walileta tenzi zilizopooza, Waafrika wakazitia uhai. "Mfurahini, Haleluya" ndio ushahidi unaopendwa. Maneno yake yalitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Kagera, kwa tuni ya Kihaya. Na kweli tuni ina sehemu yake. Katika tenzi nyingi zilizotafsiriwa, mkazo wa neno la Kiswahili, ambao makao yake ni silabi ya pili kutoka mwisho, husukumwa kwingine ili noti za Ulaya zitimie, na mwimbaji hujikuta akitamka lugha yake kama mgeni. Ni vigumu kushangilia hivyo.

Lakini jibu hilo linakwama kwenye "Tukutendereza". Kiitikio hicho cha Kiganda kilitafsiriwa kutoka utenzi wa Kiingereza, tuni yake ikiwa ya kigeni vilevile, na bado ndicho kilichokuwa wimbo wa Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na Bukoba, huko huko Kagera. Walokole, yaani wafuasi wa Uamsho huo, walikiimba mtu alipomaliza kuungama na kushuhudia hadharani. Hapakuhitajika ngoma, ushuhuda ulikwisha kutoa sababu ya kushangilia.

Sababu hiyohiyo ndiyo uti wa mgongo wa utenzi wa Kyamanywa. Ubeti wa kwanza unaamuru furaha, kisha beti zinazofuata zinalipa deni hilo kwa masimulizi: siku tatu kaburini, malaika, wanawake, agizo la kwenda kutangaza. Asiyejua kusoma hutoka ibadani akiwa na kisa kizima cha Pasaka. Wanaohofu kwamba midundo humeza mafundisho wangepaswa kwanza kuhesabu ni mapambio mangapi ya siku hizi, yenye kinanda cha umeme au yasiyo nacho, yanaweza kusema hivyo. Mengi yanadai furaha bila kueleza kilichotokea. Hapo kosa ni la mtunzi, ngoma isisingiziwe.

Pingamizi zito zaidi ni la aliyefiwa: kumwamuru mtu afurahi si unafiki? Ingekuwa hivyo kama utenzi ungeanza na kuishia kwenye amri. Ila humo ndani malaika anawaambia wanawake wasiogope, maana yake hofu yao imeonekana na kupewa nafasi kabla ya kujibiwa.

Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutafsiri utenzi huo wa Kyamanywa kwa Kijerumani, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Wengine huona hapo pambo la Kiafrika kwenye ibada ya Wazungu. Sidhani. Huko mara nyingi huongozwa na kinanda cha filimbi, bila ngoma wala vigelegele, na bado umewekwa mahali pake: miongoni mwa nyimbo za Pasaka.