Wito wa Mama katika Kanisa la Uluguru

Kabla Injili haijahubiriwa katika milima ya Uluguru, wenyeji wa nchi hii walihesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto alizaliwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na mashamba yalirithiwa kwa njia hiyo hiyo. Huko bondeni, katika mji uliotangulia Morogoro ya leo, alitawala mwanamke, binti Kisabengo, wakati msafiri Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871. Hata hivyo isidhaniwe kwamba mama wa Kiluguru alikuwa na kauli ya mwisho. Kwa kawaida mjomba ndiye aliyesimamia watoto na mali. Ukoo ulipita kwa mama. Mamlaka yalishikwa na kaka yake.

Palikuwa na fani moja ambayo wanaume hawakuiingilia. Mwali alipowekwa ndani, mafundisho ya heshima, unyumba na malezi yalikuwa mikononi mwa wanawake wazima. Kwa hiyo mwanamke kuwa mwalimu wa mambo mazito si jambo lililoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Injili ilimkuta tayari akifundisha, ikambadilishia somo.

Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin waliipokea kazi ya Uzaramo mwaka 1903, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamefika Uluguru pia. Walikuja na Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Wengi walimfahamu mkuu huyo kuwa ni baba. Lakini Luther mwenyewe, katika maandiko yake ya mwaka 1522 juu ya ndoa, aliwahesabu baba na mama pamoja kuwa mitume, maaskofu na makuhani wa watoto wao, kwa kuwa ndio wanaowajulisha Injili.

Hali ya nchi iliyapa maneno hayo uzito. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaendelea kuwavuta wanaume kwenye kazi ya mshahara. Aliyebaki na watoto, jembe na sala za jioni mara nyingi alikuwa mama. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Morogoro mwezi Agosti 1916, kazi ya wamisionari wa Kijerumani ilivunjika, na mwaka 1939 vita vilipoanza tena walitengwa na kazi yao mara ya pili. Historia huwasifu walimu na wazee wa Kiafrika waliolishikilia Kanisa nyakati hizo, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini mwalimu mmoja, mwenye vijiji vingi vya mlimani vya kuvizungukia kwa miguu, hakuweza kuwapo katika kila nyumba asubuhi na jioni. Mama alikuwapo. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: Mtume Paulo alipoitaja imani ya Timotheo, aliwataja kwanza bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Haifai, hata hivyo, kumsifu mama kwa namna ya kumfungia jikoni. Sinodi ya Uzaramo-Uluguru ilikuwa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Tangu siku hiyo ilipita miaka 27 kabla Mkutano Mkuu haujakubali, mwaka 1990, wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na hata baada ya hapo dayosisi hazikwenda kwa mwendo mmoja. Muda wote huo cheo cha "mama mchungaji" kilikuwa cha mke wa mchungaji. Waliofundisha shule ya Jumapili, waliokesha na wagonjwa na kuongoza sala za nyumbani walihesabiwa kuwa wasaidizi. Uamuzi wa mwaka 1990 haukuwapa wanawake uongozi wa kiroho kana kwamba hawakuwa nao. Ulikiri hadharani kazi iliyokuwa ikifanyika bila cheo.

Liko jambo la pili, na kwa Uluguru ni zito zaidi. Pale ukoo unapoendelea kwa tumbo la mwanamke pekee, asiyejaliwa kuzaa hubeba aibu isiyo yake. Kanisa lina jibu, ingawa si kila wakati limelitamka kwa sauti. Kwenye kisima cha ubatizo husimama mama wa ubatizo, naye haulizwi amezaa wangapi. Huulizwa kama yuko tayari kumlea mtoto huyu katika imani. Debora, aliyewaamua Israeli, anakumbukwa katika Maandiko kama mama wa taifa, wala hakuna mahali tunapoambiwa majina ya watoto wake.

Basi umama ambao usharika unaushukuru katika miaka hii mia ni zaidi ya uzazi. Ni wito wa kuchukua dhamana ya imani ya mwingine mpaka aweze kusimama mwenyewe. Usharika unaoingia karne yake ya pili utapimwa kwa hili: kama akina mama walioulea watapewa nafasi katika mabaraza yake kwa kadiri ya kazi waliyoifanya, na kama watoto wao, wa kike na wa kiume, watakubali kuupokea wito huo.