Mkono Ulioshika Mfuko: Historia ya Zabuni za Serikali Ikitazamwa Kutoka Peramiho

Barabara ya lami inayoanzia njia panda ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, na kuishia Mbinga ina urefu wa kilomita 78, nayo ni miongoni mwa barabara zilizogharamiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, kwa mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini jijini Dar es Salaam mwezi Februari 2008 mbele ya Rais Jakaya Kikwete na mgeni wake, Rais George W. Bush. Msafiri anayepita hapo hawezi kulitambua jambo moja, kwamba mkandarasi wa barabara hiyo alitafutwa kwa miongozo ya shirika lililotoa fedha, ilhali Tanzania ilikuwa tayari na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2004. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kufanya hivyo, kwa sababu Sheria hiyo yenyewe ilieleza kwamba masharti yake yakigongana na mkataba ambao nchi imeingia na nchi nyingine au na taasisi ya kimataifa, masharti ya mkataba ndiyo yatakayotawala. Kifungu hicho kifupi kinafungua historia nzima ya zabuni za serikali katika sehemu hii ya nchi, kwa kuwa tangu enzi za ukoloni kanuni za kumchagua muuzaji au mjenzi zimekuwa zikiufuata mkono ulioshika mfuko.

Neno zabuni lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani kuzabuni kulikuwa kutaja bei mnadani, kwa sauti, mbele ya watu, ambapo mwenye bei ya juu ndiye aliyeondoka na bidhaa. Zabuni ya serikali imelichukua neno hilo na kuugeuza mchezo wenyewe: mnunuzi ni mmoja, wauzaji ni wengi, bei huandikwa kwa siri na kufungiwa hadi saa iliyotangazwa, na mara nyingi anayependelewa ni mwenye bei ya chini aliyetimiza masharti. Mitaani watu husema tenda, neno la Kiingereza lililoangukia juu ya kitenzi cha Kibantu chenye maana ya kufanya, na pengine ndiyo sababu limekubalika haraka kuliko istilahi yoyote ya wanasheria.

Peramiho yenyewe ilianza kujengwa bila zabuni. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofika mwaka 1898 wakiongozwa na Padri Cassian Spiss, walinunua vitu vyao kupitia prokura, yaani ofisi ya mtawa aliyekabidhiwa fedha na mahitaji ya jumuiya nzima, ambayo upande wa Dar es Salaam ilikuwa na kituo Kurasini. Matofali yalichomwa hapohapo, mbao zilipasuliwa na kurandwa katika karakana za misheni, na kanisa kubwa la abasia, lililojengwa katika miaka ya 1940, lilikuwa kazi ya mabruda na mafundi waliowafundisha wenyewe. Ushindani wa bei haukuwa na nafasi katika utaratibu huo, kwani fedha zilikuwa za shirika, mjenzi alikuwa shirika, na aliyepaswa kuridhika ni abati. Unatajwa hapa kwa sababu baada ya miongo mingi serikali ilikuja kuurudia kwa jina jingine.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo ilikuwa na prokura yake, iliyokaa London. Mahitaji ya Tanganyika yaliyotoka ng'ambo, kuanzia reli na madaraja hadi dawa na karatasi za ofisini, yaliagizwa kupitia Mawakala wa Taji, chombo kilichonunua kwa niaba ya makoloni na kwa kawaida kikavipelekea kazi viwanda vya Uingereza. Ofisa wa Songea aliyehitaji vyuma vya daraja alijaza fomu, akasubiri meli. Mwaka 1961 Sheria ya Fedha na Ukaguzi ikaweka msingi wa Bodi Kuu ya Zabuni, iliyokaa Dar es Salaam na kuidhinisha mikataba mikubwa ya serikali. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza wa madaraka ya kuchagua, kutoka London hadi pwani ya nchi yenyewe, ingawa kwa mfanyabiashara wa Ruvuma umbali wa kulifikia sanduku la zabuni ulibaki mrefu mno.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ushindani ulipungua zaidi, kwa kuwa serikali ilianza kununua kutoka mashirika yake yenyewe, likiwemo Shirika la Biashara la Taifa. Miradi mikubwa iliendelea kutegemea fedha za nje, na fedha hizo zilikuja na masharti. Barabara ya Makambako hadi Songea, iliyokamilika katika miaka ya 1980 na kuuunganisha mkoa wa Ruvuma na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa msaada wa Uingereza katika kipindi ambacho nchi hiyo ilifunga misaada yake kwa makampuni yake, yaani fedha zilitolewa kwa sharti la kununua kazi na bidhaa kutoka kwa mtoaji. Uingereza iliuacha utaratibu huo mwaka 2001.

Mwaka huohuo Tanzania ilipata sheria yake ya kwanza iliyohusu ununuzi wa umma peke yake, Sheria Namba 3 ya mwaka 2001. Kabla ya hapo kanuni zilikuwa zimetawanyika katika nyaraka na miongozo ya fedha, na tathmini zilizofanywa katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mtawanyiko huo ulikuwa mlango wa upotevu. Kasoro ya sheria hiyo ilikuwa kwamba Bodi Kuu iliachwa kuwa msimamizi wa kanuni na wakati huohuo muidhinishaji wa zabuni kubwa, kama mwamuzi wa mpira anayeruhusiwa pia kufunga magoli.

Sheria Namba 21 ya mwaka 2004 ndiyo iliyobadilisha sura ya mambo. Bodi Kuu ilivunjwa, ikaundwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, ambayo kazi yake ni kuweka miongozo na kukagua, nayo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma ikawa mahali ambapo mzabuni aliyeshindwa anaweza kulalamika. Ndani ya kila taasisi nunuzi, iwe wizara, shule au halmashauri kama ile ya Wilaya ya Songea ambayo makao yake sasa yako jirani na Peramiho, madaraka yaligawanywa: idara inayohitaji kitu hueleza hitaji lake, kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa nyaraka, kamati ya tathmini hulinganisha zabuni, bodi ya zabuni huidhinisha, na afisa masuuli, ambaye ndiye mtendaji mkuu anayejibu juu ya fedha, hutia saini. Mgawanyo huo unakusudia kwamba atakayetaka kuipinda zabuni alazimike kuwashawishi watu wengi, na kila mmoja wao awe ameacha karatasi nyuma yake. Unachelewesha kazi, na katika hilo wakosoaji wake wana haki.

Jinsi karatasi hizo zilivyo na uzito ilidhihirika mwezi uleule wa Februari 2008, siku kumi kabla ya mkataba wa Marekani kutiwa saini, pale Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kueleza jinsi taratibu zilivyokiukwa katika kuipa kampuni ya Richmond mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006. Lowassa alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa na kamati. Kwa vyovyote vile, jambo lililokuwa la makarani wa ununuzi lilikuwa limeiangusha serikali, kwani Baraza la Mawaziri lilivunjwa.

Fedha za Marekani nazo hazikukosa mizengwe ya aina yake. Mashindano yake yalikuwa wazi kwa makampuni ya dunia nzima, na makampuni yanayomilikiwa na serikali za nje, hasa ya China, yalishinda baadhi ya kazi zake barani Afrika, hadi mwaka 2010 Shirika la Changamoto za Milenia likayazuia kushiriki. Hivyo kanuni ya ushindani huru ilikuwa na mpaka, na mpaka huo uliwekwa Washington.

Sheria Namba 7 ya mwaka 2011 iliongeza kipengele chenye manufaa makubwa kwa mzabuni mdogo: taasisi sharti iwajulishe washiriki wote kusudio la kutoa tuzo, kisha isubiri siku 14, baadaye zikapunguzwa kuwa 7, kabla ya kusaini mkataba, ili mwenye malalamiko apate kuyatoa. Marekebisho ya mwaka 2016 yakafungua mlango wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wakati huohuo ulishika kasi utaratibu uitwao fosi akaunti, ambapo shule au zahanati hujengwa kwa kutumia mafundi wa eneo husika, kamati ya mahali hapo ikinunua vifaa na kusimamia kazi, bila mkandarasi wa zabuni kubwa. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa yalitegemea sana njia hiyo. Mabruda wa Peramiho wangeitambua mara moja, tofauti ikiwa kwamba karakana zao zilikuwa na msimamizi aliyekaa na kazi tangu msingi hadi paa, wakati kamati ya kijiji huwa na mwalimu mkuu ambaye hakusomea uhandisi.

Julai 2023 ulianza kutumika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, uliochukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS, na Sheria Namba 10 ya mwaka huo ikaufanya kuwa njia ya lazima. Zabuni hutangazwa, huwasilishwa na hufunguliwa humo, na Sheria hiyo pamoja na kanuni zake zimetenga kwa Watanzania kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Sanduku la zabuni, lililokuwa London, kisha Dar es Salaam, kisha katika ofisi ya kila halmashauri, sasa linafikika kwa simu kutoka Peramiho. Kifungu kinachoupa mkataba wa kimataifa nguvu juu ya sheria ya nchi, hata hivyo, kimepita salama kutoka Sheria ya 2004 hadi ile ya 2011, na barabara ya Mbinga ilikamilishwa chini yake.