Hesabu ya Matofali ya Baghdad

Mali ya umma ni amana, na amana haina budi kuulizwa. Jambo hili waliotutangulia walilijua vyema, na katika tarehe ya Uislamu limo funzo lake ndani ya ujenzi wa mji wa Baghdad.

Mwaka 145 Hijria, yaani 762 Miladia, Khalifa Abu Jaafar al-Mansur wa Bani Abbas alianza kuujenga mji huo kwa umbo la duara, wenye milango minne: wa Kufa, wa Basra, wa Khurasan na wa Sham. Kila robo ya mji aliitia mikononi mwa msimamizi wake. Mwanahistoria Tabari amepokea kwamba hata Imam Abu Hanifa alishughulishwa katika kazi ile, naye akayapima matofali kwa ufito badala ya kuyahesabu moja moja.

Kazi haijafika mbali, pakazuka uasi Madina na Basra, ujenzi ukasimama. Mtumishi aliyeachiwa mbao na vifaa alisikia kuwa majeshi ya Khalifa yameshindwa, akavitia moto vyote. Al-Mansur alimwandikia barua ya kumlaumu. Akajibu kuwa alichelea visije vikaangukia mikononi mwa adui. Khalifa hakumwambia neno tena. Hasara ilikuwa kubwa, lakini iliulizwa, ikapatiwa sababu, na sababu ikakubaliwa.

Mambo hayakuwa hivyo kwa wale ambao gharama zao zilizidi bila sababu. Inasimuliwa kwamba Khalifa alimwita mwashi mmoja, akamwamuru ajenge tao moja mbele ya macho yake. Tofali zikahesabiwa, na jasi, na ujira wa siku. Kisha akalifanya tao lile kuwa kipimo cha matao yote ya jumba lake. Msimamizi aliyeitwa al-Musayyib akaonekana amezidisha dirhamu elfu sita na kitu, naye hakuachiwa mpaka alipozilipa. Msimamizi mwingine, Khalid bin as-Salt, alibakiwa na deni la dirhamu 15 tu, akafungwa siku kadhaa mpaka alipolitoa. Kwa ajili ya hesabu zake hizi al-Mansur alipewa lakabu ya Abu Dawaniq, yaani baba wa visenti. Kuta zilikamilika mwaka 149 Hijria.

Ndugu msomaji, tazama namna alivyofanya. Hakukisia wala hakusikiliza uvumi wa barazani. Alipima kwanza, ndipo akauliza. Nasi tunapochanga kwa ajili ya madrasa, zahanati au kisima, na miaka ikapita jengo halijaezekwa, tusinung'unike pembeni. Tuulize: saruji ilinunuliwa mifuko mingapi? Fundi alilipwa nini? Nani alitia sahihi? Mwaminifu haoni uzito kuulizwa, maana majibu yake yamo daftarini.

Lakini funzo lina upande wa pili. Khalifa huyu aliyemfunga mtu kwa dirhamu 15 hakuwa na wa kumwuliza yeye. Abu Hanifa alipoukataa ukadhi alitiwa gerezani, na mwaka 150 Hijria akafariki. Hesabu inayowashukia walio chini tu, na kuwaepuka walio juu, ni nusu ya uadilifu. Suratul Mutaffifin yawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Basi na tuulizane sote, mkubwa kwa mdogo, kabla ya Siku ambayo hakuna msimamizi wala khalifa atakayesazwa.