Barabara ya Mauti
Wazia unavuka barabara kwenda dukani, halafu treni ya mizigo inakuja katikati yake. Hakuna ukuta, hakuna geti. Hivyo ndivyo Tenth Avenue, New York, ilivyokuwa kuanzia katikati ya karne ya 19. Treni zilileta nyama na maziwa mjini, zikapita mbele ya milango ya watu.

Suluhisho la wakubwa? Mtu juu ya farasi, bendera nyekundu mkononi, akitangulia treni kuwaonya watu. Bado walikufa kwa mamia. Wakazi wakaiita Death Avenue, yaani Barabara ya Mauti.

Mwaka 1908 treni ilimuua Seth Low Hascamp, mtoto wa miaka 7. Watoto wapatao 500 wakaandamana barabarani kudai reli iondolewe. Treni? Zikaendelea kupita tu.

Reli ya juu, High Line, ilifunguliwa 1934. Farasi wa mwisho alitangulia treni 1941.

Leo High Line ni bustani na watalii wanapiga selfi huko. Poa. Ila ujue kwa nini reli ilipandishwa: chini ilikuwa inaua watoto, na hata baada ya wenzao kuandamana, ilichukua miaka 26.