Kinanda cha jukwaani (Ngara na Biharamulo)

Kinanda cha jukwaani ni kinanda cha umeme kinachobebwa kutoka shughuli moja hadi nyingine na kupigwa kupitia mixa na spika. Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hutegemewa na kwaya za makanisani na wanamuziki wa harusi, kwa kuwa mpigaji mmoja huweza kushika besi, ngoma na zeze kwa pamoja.

Umeme ndio wa kuangaliwa kwanza. Kwa miaka mingi TANESCO ilizihudumia wilaya hizi kwa jenereta za dizeli; sasa kuna gridi ya Taifa, na Maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, yana mtambo wa megawati 80 unaotumiwa pia na Burundi. Kwenye sherehe za vijijini, hata hivyo, jenereta ndogo ya petroli bado hunguruma nyuma ya turubai na volti zake hupanda na kushuka. Stabilaiza si anasa.

Kinanda kilichotumika Japani hutaka volti 100. Kikichomekwa kwenye 230 za Tanzania bila transfoma, huweza kuungua.

Yamaha za PSR-E zenye vitufe 61 zinafaa sana huku: ni nyepesi, hupanda bodaboda, na nyingi hutumia betri sita umeme ukikatika. Kitufe cha kuhamisha ufunguo humwokoa mpigaji pale mwimbishaji anapoanza juu kuliko mazoezini.

Wakati wa kufunga vyombo, spika huzimwa kwanza, kinanda baadaye, ili mshtuko wa sauti usipasue spika.